Mtoto na Klabu ya 4-K: Faida za Kuanza Mapema
Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu



Katika nyumba nyingi, mtoto akisema amejiunga na klabu ya 4-K shuleni, swali la kwanza la mzazi ni hili: je, atapata wakati wa kusoma? Swali hilo ni halali. Mzazi amejinyima ili mtoto asome, na hataki siku iishie kwenye jembe. Linastahili jibu kamili.

Klabu za 4-K si jambo geni. Zilianzishwa nchini mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwa kufuata mfano wa klabu za 4-H za Marekani. K hizo nne ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mababu na nyanya wengi walipitia klabu hizi wakiwa shule ya msingi. Baadaye nyingi zilififia, hadi mwaka 2021 zilipofufuliwa na serikali ya kitaifa. Kazi yake ni ile ile: watoto huchagua mradi, huutunza kwa zamu wakiongozwa na mwalimu mlezi, na huona matokeo kwa macho yao.

Chukua mradi wa sukuma wiki. Mbegu husiwa kitaluni, miche hukaa humo wiki nne hadi sita, kisha huhamishwa. Chumo la kwanza hufika wiki sita hadi nane baadaye. Hiyo ni karibu muhula mzima. Katika muda huo hakuna njia ya mkato. Zamu ya kumwagilia maji ikirukwa siku mbili za jua kali, miche hunyauka, na hasara ni ya klabu nzima, wala si ya aliyesahau peke yake. Mtoto wa miaka tisa akishaona hivyo mara moja, hahitaji kuhubiriwa kuhusu wajibu. Tabia hiyo ya kurudi kwenye kazi kila siku, hata pasipo mtu wa kumsukuma, ndiyo inayomkalisha mezani na kitabu jioni.

Masomo nayo yako shambani. Anayefuga kuku huhesabu siku 21 tangu mayai yaatamiwe. Anayefuga sungura huandika tarehe ya kupandisha, kwa kuwa sungura huzaa baada ya takriban mwezi mmoja na kiota lazima kiwe tayari. Anayepima nafasi kati ya mche na mche anafanya hesabu. Kilimo ni sehemu ya mtaala wa umilisi, kwa hiyo mtoto wa klabu huingia darasani akiwa ameshaona kile ambacho wenzake wanakisoma tu.

Tena klabu ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wote ni watoto. Mboga zikiuzwa, mweka hazina husimama mbele ya wenzake na kueleza: mbegu ziligharimu kiasi hiki, mauzo ni haya, salio ni hili. Akina mama walio kwenye chama wanajua uzito wa kusimama hivyo. Anayejifunza akiwa mdogo kutoa hesabu ya shilingi mia mbili bila kuficha, ataaminiwa na fedha nyingi zaidi atakapokuwa kwenye sacco, ushirika au ofisi ya umma.

Lakini faida kubwa kuliko zote haionekani haraka. Kwa miaka mingi, shuleni na nyumbani, mtoto aliyekosea amepewa jembe kama adhabu. Aliyeanguka mtihani ameambiwa ataishia kulima. Tumbo likijazwa na mkulima huku ukulima ukitajwa kama aibu, mtoto husikia aibu hiyo na kuikumbuka. Ndiyo maana vijana wengi huacha shamba la familia likiwa limelala na kwenda mjini kutafuta kibarua. Wazee wanabaki na majembe. Klabu humkutanisha mtoto na udongo kabla dharau hiyo haijaota mizizi. Samaki mkunje angali mbichi. Akikua awe daktari, fundi au mwalimu, ni sawa kabisa, lakini hatamdharau anayemlisha.

Wapo wanaosema shule yao ya mjini haina shamba. Bustani ya gunia haihitaji shamba. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati huwekwa mawe ya kupitisha maji, na miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia hilo hufikiwa kwa urahisi pia na mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Na mtoto mwoga wa kuzungumza darasani mara nyingi hupata sauti yake hapo, kwa kuwa ana jambo analolijua vyema la kueleza.

Klabu nzuri ina mipaka. Kujiunga ni kwa hiari. Haichukui vipindi vya masomo. Mavuno ni ya klabu, na matumizi yake huamuliwa na wanachama wakiwa na mlezi wao. Watoto hawashiki dawa za kunyunyizia wadudu. Kupeleka watoto kwenye shamba la mtu binafsi wakafanye kazi bila malipo si 4-K, na mzazi ana haki ya kuuliza na kukataa. Dhuluma yoyote dhidi ya mtoto iripotiwe kwa simu nambari 116, ambayo haitozwi malipo.

Chini ya Katiba ya 2010, kilimo ni jukumu la kaunti, ilhali shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo klabu husimama pale pande mbili zinapokutana: mwalimu mkuu akifungua mlango, afisa wa kilimo wa wadi anaweza kuja kufundisha. Mzazi ndiye kiungo. Na aulize shuleni kama klabu ipo, nani ni mlezi, na hukutana siku gani. Kama haipo, wazazi walete jambo hilo kwenye mkutano wa shule. Mwenye samadi atoe samadi. Mwenye magunia matupu atoe magunia. Na mtoto akirudi nyumbani na mche mmoja mkononi, apewe kipembe cha ua aupande, na aachiwe autunze mwenyewe.