Mtoto wa Paka Akipiga Chafya



Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Mwenye ghala la mahindi anajua hayo. Panya hatoboi gunia ale kidogo tu; yale asiyokula anayachafua kwa mkojo na mavi. Ndiyo maana sisi tunaotembelea vikundi tuliwahi kukusanya watoto 6 wa paka kutoka maboma mbalimbali, tuwagawie wenye maghala. Tuliwatia wote katika katoni moja. Mmoja alikuwa akipiga chafya. Tukasema, "Ah, ni vumbi tu." Juma halijaisha, wote walikuwa na makamasi na macho yamegandana. Wawili walikufa. Kosa lilikuwa letu, na hatupendi mlirudie.

Je, ugonjwa huu ni nini? Ni mafua ya paka. Mara nyingi huletwa na virusi vya aina mbili, herpesi na kalisi. Mafua haya hayashiki watu. Lakini kutoka paka hadi paka husafiri kwa chafya, kwa sahani, kwa matandiko, na hata kwa mikono yetu. Wanaoumia zaidi ni watoto wa majuma 4 hadi 12, kwa sababu ile kinga ya maziwa ya mama inaanza kupungua. Tena mama paka aweza kuonekana mzima kabisa, kumbe amebeba virusi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtenge mgonjwa mara moja. Mpe sahani na kitambaa chake, na unawe mikono kwa sabuni kila ukimshika. Paka mgeni naye akae peke yake majuma 2 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Pili, mweke mahali pakavu penye joto, mbali na moshi wa jikoni.

Tatu, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, yaache yawe vuguvugu. Kwa kitambaa safi mpanguse macho na pua mara kadhaa kwa siku.

Nne, mlishe. Pua ikiziba hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hali. Mpe omena au mchuzi wa samaki usio na chumvi, ukiwa vuguvugu.

Tano, usimpe dawa za watu. Tembe moja tu ya Panadol yaweza kumwua paka. Wala usimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani, kwani haziui virusi. Daktari wa mifugo ndiye atakayesema kama zinahitajika, kwa sababu ya vidudu vingine vinavyofuata nyuma.

Akikataa kula siku nzima, akihema kwa mdomo, au jicho likiwa na ukungu, msingoje. Mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Mkiwa kwake, ulizeni pia habari za chanjo, ambayo huanza mtoto akiwa na majuma kama 8 na kurudiwa. Haizuii kila mafua, lakini hupunguza makali yake.

Wengi hupona kwa siku 7 hadi 10 wakitunzwa hivi. Kabla hatujaachana leo, kikundi kichague mtu mmoja wa kuangalia paka wa ghala kila asubuhi. Chafya ya kwanza isipite tena bila kusikika.