Skauti katika Skuli ya Bweni
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana, Ole, Pemba



Tumeombwa tuseme machache juu ya skauti katika skuli za bweni, kwa kuwa wazazi kadha wa kadha wametuuliza neno moja. Wasema, "Mtoto wetu tumempeleka bwenini akasome. Skauti ni ya nini? Je, si mchezo wa kumpotezea wakati? Tena nguo zile na filimbi zile, si uaskari?" Swali hili ni la haki. Mzazi aliyechuma karafuu, akazichambua makonyo usiku, akazianika na kuziuza ili alipe ada ya mtoto, astahili kujibiwa. Hatutajibu kwa kusifu tu. Tutajibu kwa mambo tuyajuayo, na mojawapo ni aibu yetu wenyewe.

Kwanza tutazame asili yake. Wengi hudhani kwamba skauti ilizaliwa vitani. Ni kweli, Robert Baden-Powell alikuwa askari, na katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, uliozingirwa na adui tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900, aliona wavulana wakipeleka habari na kufanya kazi za watu wazima kwa uaminifu. Lakini mbegu ilipandwa kabla ya hapo, nayo ilipandwa bwenini. Mwaka 1870 yeye aliingia Charterhouse, skuli ya bweni ya Uingereza. Skuli hiyo ilipohamishwa kutoka London mwaka 1872, palikuwa na kijisitu karibu nayo, na wanafunzi walikatazwa kuingia humo. Yeye alikuwa akiingia kwa siri, akinyemelea wanyama, akinasa sungura na kumpika kwa moto mdogo, ili moshi usionekane na waalimu. Humo alijifunza kutulia, kutazama, na kujitegemea. Naye alipopata umri wa miaka 50 alifanya jambo la akili: lile alilolifanya utotoni kwa siri, aliwapa watoto wengine walifanye kwa ruhusa.

Mwezi wa Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea. Baadhi yao walitoka katika skuli za bweni za matajiri, na wengine walikuwa watoto wa watu wa kazi. Akawachanganya katika vikosi vidogo, na kila kikosi akakipa kiongozi, mvulana kama wao. Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake, na jambo hilo likaenea duniani upesi. Huku kwetu lilifika Unguja mwaka 1912, na Tanganyika mwaka 1917. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skauti ilikoma visiwani, na mahali pake pakashikwa na Young Pioneers. Ikapita miaka mingi kabla ya kuonekana tena. Ndiyo sababu wazee wengi wa Pemba hawakukua nayo, wala hatuwalaumu wakiitilia shaka.

Je, ni uaskari? La. Skauti hachukui silaha, wala halipwi mshahara. Huahidi kwa heshima yake kwamba atafanya wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake, atawasaidia watu wote, na atazishika kanuni za skauti. Mwislamu huahidi akiwa Mwislamu, na Mkristo akiwa Mkristo. Hakuna anayetakiwa kuiacha njia ya wazazi wake.

Sisi hatukuijulia skauti hapa Ole. Tuliijulia bara, katika skuli ya bweni, katika miaka ya tisini. Tulishuka Weti, tukapanda chombo mpaka Tanga, na sanduku letu la bati kichwani. Siku za kwanza wenzetu walituchekea maneno yetu ya Kipemba, tukawa twanyamaza mezani. Kisha Jumamosi moja mwalimu wa skauti akaleta kamba, akawaambia wavulana waunganishe kamba nene na nyembamba zisifunguke. Wengi walishindwa. Sisi tuliokwisha kuvuta matawi ya mikarafuu kwa kamba tangu udogo, tulifunga mara moja. Tangu siku hiyo hawakucheka tena, walikuja kuuliza. Basi faida ya kwanza ni hii: mtoto wa shamba huona kwamba alichokijua kwao nacho ni elimu.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Katika bweni kengele ndiyo mtawala. Kengele yamwamsha mtoto, yampeleka kuoga, kusali, kula, kusoma na kulala. Ni vizuri, kwa kuwa watoto wengi hawawezi kukaa pamoja pasipo utaratibu. Lakini mtoto aweza kukaa miaka minne akitii kengele tu, na siku atokayo langoni, wema wake ukabaki umetundikwa huko pamoja na kengele. Skauti humtoa mahali ambapo kengele haisikiki, ikamwuliza, "Sasa je?" Sisi tuliulizwa, nasi tulijibu vibaya. Sikilizeni.

Katika mwaka wetu wa pili tulifanywa kiongozi wa kikosi cha wavulana sita. Jumamosi moja vikosi vyote vilitumwa porini kuifuata njia kwa alama zilizowekwa chini: mishale ya vijiti, mawe juu ya mawe, na mwisho wa njia duara yenye nukta katikati. Kikosi kitakachofika kwanza kingesifiwa mbele ya skuli nzima. Katika kikosi chetu alikuwamo mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, na kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino. Akawa achechemea, nasi twachelewa. Hatimaye sisi, kiongozi wake, tulimwambia, "Kaa chini ya mwembe huu, tutakurudia." Akakaa. Hakunung'unika, kwa kuwa aliyemwambia alikuwa kiongozi.

Tukakimbia, tukaiona duara, tukashangilia. Mvua kubwa ikanyesha. Tulirudi skuli kwa njia ya mkato, na pale langoni mwalimu akatuuliza, "Kikosi chako wote wamo?" Tukajibu, "Wote wamo, Bwana." Tulidhani tutatoka upesi tukamchukue kabla hajajulikana. Lakini kengele ya chakula ililia, kisha ya sala, nasi tukazitii. Tazameni jambo hili, wazazi: tulizitii kengele zote za jioni ile, na mtoto yuko chini ya mwembe gizani.

Yapata saa tatu za usiku mzee mmoja wa kijiji alibisha lango, ana taa ya chemni mkononi, na mtoto amemshika nguo. Alimkuta palepale. Alipomwambia, "Twende nyumbani kwangu," mtoto alikataa kwanza, akasema, "Kiongozi wangu amesema atarudi."

Mwalimu hakutupiga. Laiti angalitupiga! Alituita peke yetu, akauliza neno moja: "Kanuni ya kwanza yasemaje?" Tukajibu kwamba heshima ya skauti ni ya kuaminiwa. Akanyamaza mpaka tukaivua wenyewe alama ya uongozi, tukaiweka mezani. Kisha akasema, "Hukufukuzwa. Lakini tangu leo, katika kila safari utakwenda wa mwisho, nyuma ya watu wote, hata nitakapokuambia." Tulikwenda wa mwisho mwaka mzima. Hapo tulijifunza ambalo hatukulijua tulipotangulia: atanguliaye huiona njia, bali aliye nyuma huwaona watu. Huona nani amechoka, nani ana kiu, nani analia asionekane.

Yule mtoto tulimwomba radhi. Alisema, "Haya." Lakini hakuvaa tena skafu mpaka alipomaliza skuli. Hatukuweza kulirudisha lile tulilolivunja. Twawaambia haya ili msidhani kwamba skauti humfanya mtoto kuwa mwema kama dawa inywewavyo. Humpa amana tu, na amana yaweza kuvunjwa. Lakini afadhali mtu aujue udhaifu wake akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, mbele ya mwalimu ampendaye, kuliko kuujua akiwa mkubwa, mwenye kushika fedha za watu au roho za wagonjwa.

Sasa jawabu letu kwa wazazi. Mtoto wako akitaka kuingia skauti bwenini, mruhusu, ila masomo yatangulie. Akianguka katika masomo, apumzike skauti kwanza. Usikope fedha kwa ajili ya nguo. Aanze na skafu, nguo zitafuata. Tena arudipo likizo, usimwulize tu amekuwa wa ngapi darasani. Mwulize, "Nani alikuwa nyuma, nawe ulimfanyia nini?"

Na ninyi vijana wa Ole, tuendapo pamoja njia ya Kengeja au ya Weti, mwaona kwamba twawahesabu kila tupumzikapo, nanyi hucheka mkisema mzee huyu hachoki kuhesabu. Leo mmeijua sababu.

Baden-Powell alikuja kukaa Nyeri, nchi ya Kenya, mwaka 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake imechorwa alama ileile ya mwisho wa njia, duara yenye nukta katikati, maana yake, "Nimekwenda nyumbani." Ni alama nzuri kwa mtu aliyemaliza safari. Lakini sisi kila tuionapo twaukumbuka ule mwembe. Mtu asijivune kwamba amefika, ikiwa nyuma yake yuko mtoto angali akimngoja katika mvua.

Maneno yetu yamekwisha. Mungu awalinde njiani mkirudi, nanyi mrudi wote.