Ndege Aliyemkomboa Mama Yake: Garuda na Taifa la Indonesia



Karibu na mji wa Malang, mashariki mwa Java, lipo hekalu dogo la mawe liitwalo Kidal, lililojengwa karne ya 13 kwa kumbukumbu ya Mfalme Anusapati. Ukilizunguka utakutana na michongo mitatu. Katika mmoja, ndege Garuda amebeba majoka. Katika mwingine amebeba chombo cha maji ya uhai. Katika wa tatu amembeba mwanamke.

Mwanamke huyo ni Vinata, mama yake. Kisa chenyewe asili yake ni Bara Hindi, nacho kimo katika Mahabharata. Vinata aliwekeana dau na mke mwenzake, Kadru, juu ya rangi ya mkia wa farasi. Kadru akawatuma wanawe, nyoka, waufunike mkia uonekane mweusi. Vinata akashindwa kwa hila, akawa mtumwa wa mke mwenzake, na mwanawe akatumikishwa pamoja naye. Nyoka walitaka fidia moja tu: maji ya uhai yaliyolindwa na miungu. Garuda akayaendea, akapigana na miungu, akarudi nayo. Mama akawa huru.

Garuda huyo ndiye nembo ya taifa la Indonesia. Basi nchi yenye Waislamu wengi kama hiyo imempokeaje kiumbe ambaye katika dini ya Kihindu ni kipando cha mungu Vishnu? Naamini jibu limechongwa pale Kidal. Kwa watu waliokuwa wametoka kupigana na Uholanzi, mtoto anayemtoa mama yake utumwani hahitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo hakupokelewa kimyakimya, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Mchoraji wa nembo alikuwa Sultan Hamid II wa Pontianak, mwenyewe Mwislamu. Katika mchoro wake wa awali Garuda alikuwa na mikono ya binadamu iliyoshika ngao. Viongozi wa Kiislamu walipinga umbo hilo la nusu mtu, nusu ndege. Hamid akachora upya, akamfanya ndege mtupu, na tarehe 11 Februari 1950 nembo ikakubaliwa. Rais Sukarno naye akaona kichwa kisicho na kishungi kinafanana mno na tai wa Marekani, kishungi kikaongezwa.

Manyoya yake yanahesabika: 17 kila ubawa, 8 mkiani, 19 chini ya ngao, 45 shingoni. Yasome kwa mpangilio huo upate 17 Agosti 1945, siku ya kutangazwa uhuru. Kiumbe wa kale sana akavishwa tarehe ya juzi, na mtoto wa shule anaweza kuisoma kwa kidole.

Aprili 1950, wiki chache baada ya kazi hiyo, Hamid alikamatwa kwa tuhuma za kushiriki njama dhidi ya serikali. Mwaka 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Ndege wake hakuondolewa ukutani.