Tikiti ya ndege haingojei mkutano

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubumbashi)



Mnakumbuka ile safari ya Kinshasa. Mtoto wa mwenzetu alipaswa kupasuliwa kule, na tarehe ilijulikana mwezi mzima mbele. Tulipouliza ku ajansi, walitupa bei. Tukasema: tungojee komite. Komite ikakutana, ikangojea sahihi moja, na wakati tulirudi na makuta mkononi, zilibakia siku tatu. Makuta ya tikiti mbili yalitosha moja na nusu. Mama akakopa kwa majirani, na lile deni angali analilipa.

Wengi waliuliza: walituibia? Hapana. Njo namna bei ya ndege inatembea.

Ndani ya ndege viti vinafanana, lakini kampuni inavigawa kwa mafungu: bei ndogo, ya katikati, kubwa. Fungu la chini likiisha, unapanda kwa la juu, hata kama kiti ni kilekile. Tena, mara nyingi mafungu ya chini yanafungwa siku 21, 14 ao 7 mbele ya safari. Huko Marekani, American Airlines ilitoa mwaka wa 1985 bei ndogo kwa wenye kununua siku 30 mbele; viti vingine iliviweka kwa wafanyabiashara wa dakika ya mwisho, kwa bei kubwa. Leo kompyuta njo zinafanya hesabu hiyo kila siku.

Ku soko, nyanya za jioni zinashuka bei juu zitaoza. Kiti nacho kinaoza: ndege ikiisha kuruka, hakiuziki tena. Basi juu ya nini wasishushe? Juu wanajua nani anakuja siku ya mwisho: mwenye biashara, mwenye msiba, mwenye mgonjwa. Huyo atalipa. Mara zingine bei inashuka kweli, lakini mgonjwa hawezi kucheza bahati nasibu.

Tunaomba mambo matatu. Moja, safari yenye kujulikana iletwe ku komite siku ileile. Mbili, mwenyekiti, mweka hazina na mwandishi wapewe ruhusa ya kutoa makuta ndani ya siku mbili, kisha waeleze mkutano. Tatu, wafadhili wakubali fungu dogo likae ku sanduku mbele ya haja kufika.

Na mbele ya kulipa, tuulize: tikiti hii inabadilishwa? Kwa makuta ngapi? Ile ya bei ndogo kabisa mara nyingi hairudishiwi makuta. Kama daktari hajahakikisha tarehe, tusikimbilie.

Sisi wenye tulirudi inchini tunajua kungojea: lori, jina ku liste, kipande cha shamba. Kule hatukuwa na nguvu ya kuharakisha kitu. Hapa tuko nayo.