Kabla ya Kubonyeza "Ruhusu"

Msikilizaji wa Katesh, Dongobesh au Haydom, kompyuta ya ofisini kwako ina majina ya wagonjwa, ya wanafunzi au ya wanachama wa ushirika. Sasa mtu anataka kuiongezea kijiprogramu cha kalenda. Soma kwanza kinaomba ruhusa gani. Kalenda inayotaka kusoma kila ukurasa wa wavuti unaoufungua, hadi wa benki, inyime ruhusa. Pakua kijiprogramu kwenye duka rasmi la programu tu, na afisa TEHAMA ndiye akiweke, kwa nywila yake, si ile iliyobandikwa ukutani! Majina hayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika nchini Tanzania tangu 1 Mei 2023, Mbulu na Hanang zikiwemo. Mfanyakazi akihama, ruhusa zake zifutwe siku hiyohiyo.