UPEPO WA KIPUPWE NA DAGAA WETU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache. Desturi ya mikutano yetu ni mzungumzaji kuwausia vijana wafanye bidii katika masomo. Usia huo mmekwisha kuusikia, nao ni wa haki. Mimi nitauacha mikononi mwa walimu. Nitazungumza juu ya upepo, maji na dagaa, kwa sababu wengi tuliomo humu ukumbini ada zetu zililipwa na dagaa.

Kila aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba kipupwe hubadili mambo. Toka Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, mawimbi hukua, na usiku huwa wa baridi. Mwalo mmoja hupata dagaa tele na mwingine hurudi mikono mitupu. Wazee husema samaki wamehama. Hawakosei, lakini mwanafunzi hana budi aulize: wamehamishwa na nini?

Katika maziwa ya Marekani na Kanada, mvuvi wa ndoano huogopa baridi inayokuja ghafula katika majira ya kuchipua. Hewa baridi hushuka toka kaskazini, maji ya kina kifupi hupoa kwa siku mbili tatu, na samaki, ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji, hulegea na kupunguza kula. Baridi ya kwetu si ya namna hiyo. Maji ya juu ya Tanganyika hupoteza nyuzi chache tu za joto, na dagaa hawalegei kwa sababu hiyo. Kwetu kazi kubwa hufanywa na upepo wenyewe.

Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Maji yote hayo yamekaa kwa matabaka. Tabaka la juu ni la vuguvugu, jepesi, na lina oksijeni. Chini yake kuna maji ya baridi kidogo na mazito, na ukishuka zaidi, kama mita 100 upande wa kaskazini na mita 200 hivi upande wa kusini, oksijeni huisha kabisa. Huko samaki hawezi kuishi. Lakini huko huko ndiko iliko mbolea ya ziwa, maana kila kinachokufa juu huzama na kuozea chini. Ziwa hili ni kama shamba ambalo mbolea yake imefukiwa mbali na mizizi.

Nani ataifukua? Chukueni kikombe cha chai ya maziwa iliyofanya utandu. Ukipuliza toka upande wako, utandu husogea na kujikunja upande wa pili, na chai iliyokuwa chini hujitokeza mbele yako. Upepo wa kipupwe hufanya vivyo hivyo. Huyasukuma maji ya vuguvugu kuelekea kaskazini, na huko kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, maji ya baridi hupanda pamoja na mbolea yake. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, wadudu wadogo wa majini huila mimea, na dagaa huwala wadudu.

Upepo unapotulia, kati ya Septemba na Oktoba, tabaka lililoinama hurudi mahali pake. Lakini halitulii mara moja. Hupanda na kushuka kama bembea, na mzunguko mmoja huchukua karibu mwezi mzima. Ndipo na upande wa kaskazini hupata zamu yake ya mbolea. Mtu aliyesimama ufukweni haoni kitu. Mabadiliko yote hayo yamo chini.

Migebuka naye ana tabia yake. Huwinda kwa macho, hivyo hupenda maji maangavu. Mahali maji yalipogeuka ya kijani kwa wingi wa mimea, dagaa wanaweza kujaa na migebuka wakaadimika. Tena msisahau kwamba sisi huvua usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za nishati ya jua. Usiku wa mbalamwezi taa hupungua nguvu, na usiku wa upepo mkali mtu mwenye busara hatoki. Kwa hiyo katika kipupwe usiku wa kazi huwa mchache, na tamaa ya kufidia siku zilizopotea ndiyo inayowatoa vijana majini siku ambayo wangepaswa kulala nyumbani.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo linalonikera. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba ziwa linapata joto na upepo umepungua. Maji ya juu yakizidi kupata joto huzidi kuwa mepesi, na upepo huyachanganya kwa shida. Walikadiria kwamba ustawi wa mimea midogo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo ungeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine, waliochunguza tope la chini ya ziwa, walionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza.

Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa toka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Siupingi mpango wa kupumzisha ziwa. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mama anayeanika dagaa, na haifai kumwambia mvuvi kwamba ni yeye peke yake aliyewamaliza samaki. Hali kadhalika haifai mwenye kokoro, anayekomba vifaranga ufukweni, ajifiche nyuma ya habari za joto la dunia. Joto hatuwezi kulishusha kwa amri toka ukumbi huu. Nyavu tunaweza kuzitazama.

Nina maombi mawili. Kwa wanafunzi: anzeni daftari la ziwa. Kila juma pimeni joto la maji na mwelekeo wa upepo, na mteremshe kisahani cheupe kwa kamba yenye alama mpaka kisionekane, ili mjue uangavu wa maji. Kisha mwandike mwaloni walichopata wavuvi. Kazi hiyo haihitaji maabara, na baada ya miaka mitano mtakuwa na jambo la kumwonyesha mtaalamu yeyote atakayekuja.

Kwa wenzangu wenye vyombo: wapeni wafanyakazi wenu maboya ya kujiokolea, na msimlazimishe mtu kutoka upepo ukikaza. Dagaa wa usiku mmoja watapatikana usiku mwingine. Kijana aliyezama harudi.