Tovuti Inayofuata Maji: Kuchagua Mjenzi Katika Delta ya Rufiji

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zinazohifadhiwa katika seva, yaani kompyuta iliyounganishwa na intaneti usiku na mchana, ili mtu yeyote mwenye simu aweze kuzifungua popote alipo kwa kuandika anwani yake. Tangu tarehe 30 Aprili 1993, siku ambayo kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi kilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti itumiwe na watu wote bila malipo, hakuna kampuni inayoweza kudai kwamba teknolojia hiyo haitumiki ila kwa idhini yake, na kwa sababu hiyo wakulima wa korosho wa Bungu, wafanyabiashara wa kamba na kaa wa Nyamisati na wamiliki wa boti zinazokwenda Mafia wana haki ya kuwa na tovuti sawasawa na benki kubwa ya Dar es Salaam. Linalobaki kuwa gumu ni kuamua nani aijenge na kwa njia ipi, kwa kuwa uamuzi huo ukishafanywa vibaya, gharama ya kuurekebisha mara nyingi huzidi ile ya kuanza upya.

Wilaya ya Kibiti, yenye maeneo hayo ya delta ya Rufiji na iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya muongo uliopita, inao mfano wake wa karibu. Mwaka 2017 serikali ilizindua tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara kwa kutumia mfumo mmoja wa pamoja, na halmashauri changa kama Kibiti ikapata tovuti yenye muundo uleule walioupata majirani zake wakongwe. Faida ya utaratibu huo haikuwa uzuri wa sura, kwani kurasa hizo hufanana kama sare za shule, bali ni kwamba maafisa habari na maafisa wa TEHAMA wa halmashauri walipewa mafunzo ya kuweka habari wao wenyewe, hivyo tangazo la zabuni au la ajira halikulazimika kumsubiri fundi aliye mbali. Funzo hilo ndilo linalostahili kuchukuliwa na mtu binafsi, kikundi au kampuni ndogo ya delta, hata kama mfumo wa serikali haukuandaliwa kwa ajili yao.

Umuhimu wa kubadilisha habari bila kumsubiri fundi huonekana wazi zaidi katika usafiri wa majini. Kata za Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni zimo katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mingine yote ya Afrika Mashariki, na boti nyingi hupita katika mikono ya mto na vijito vyake kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Maji yaliyojaa leo saa tatu asubuhi yatajaa kesho yakiwa yamechelewa kwa dakika zipatazo 50, na baada ya wiki moja saa ileile iliyokuwa ya maji kujaa huwa ni ya maji kupwa, mbali na tofauti iliyopo kati ya siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa nguvu, na siku za maji mafu, yanaposogea kidogo tu. Tovuti ya boti iliyoandikwa saa moja isiyobadilika ya kuondoka itakuwa imepotosha abiria kabla ya siku ya pili kwisha, na mama aliyetoka Jaribu Mpakani na mtoto mgonjwa kwa kuiamini saa hiyo atafika gatini akute tope. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mjenzi wa tovuti anapaswa kuulizwa si bei wala rangi, bali ni kama karani aliyepo gatini ataweza kuibadilisha saa ya safari kwa simu yake ya mkononi, bila kompyuta na bila kumpigia fundi.

Njia zilizopo hupimwa vizuri kwa swali hilo. Iko njia ya kutotengeneza tovuti kabisa na kutegemea ukurasa wa mtandao wa kijamii, ambayo ni rahisi na haina gharama ya kuanzia, lakini humfanya mwenye biashara kuwa mpangaji asiye na mkataba, kwani ukurasa ukifungiwa au akaunti ikiibwa, wateja wote hupotea kwa siku moja. Ziko pia huduma za kampuni za kigeni, kama vile Wix, zinazompa mteja violezo, yaani sura zilizokwisha kuchorwa, ili azijaze maneno na picha zake; hizi humfaa asiye na fundi, ila hulipiwa kwa fedha za kigeni kupitia kadi inayokubalika kimataifa, na tovuti iliyojengwa humo haihamishiki kwenda kwingine kwa urahisi. Kumwajiri fundi aandike kila kitu kuanzia mwanzo kwa msimbo, yaani lugha ya maelekezo inayoeleweka na kompyuta, kunafaa benki na mashirika makubwa. Kwa kikundi cha wafuga nyuki wa mikokoni ni kujifunga kwa mtu mmoja ambaye akihama hakuna mwingine atakayeielewa kazi yake kwa haraka.

Njia inayobaki, na inayostahili kupewa uzito, ni ya kutumia mfumo huria wa kusimamia maudhui, ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo inayotumiwa zaidi duniani, na kwa sababu hiyo mafundi wanaoifahamu hupatikana kwa wingi Dar es Salaam, mji uliounganishwa na Kibiti kwa barabara ya lami. Fundi wa kwanza akishindwa, wa pili huendelea pale alipoachia mwenzake. Mfumo huu nao una mzigo wake, kwa kuwa usiposasishwa mara kwa mara huwaachia wadukuzi mlango wazi, na malipo ya matunzo hayo yanapaswa kuandikwa katika mapatano tangu siku ya kwanza.

Uzito wa kurasa ni jambo ambalo wajenzi wengi hulipuuza kwa sababu wao hufanyia kazi penye mtandao wenye kasi. Ukurasa wenye picha kubwa unaweza kufikia megabaiti tatu, na mtu aliyenunua bando la megabaiti 100 atalimaliza kwa kufungua kurasa zipatazo 33 tu, huku mawimbi ya simu ndani ya mikoko yakiwa hafifu. Picha zikipunguzwa kabla ya kupandishwa, ukurasa uleule huweza kushuka chini ya nusu megabaiti, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Mteja ana haki ya kuufungua ukurasa wake kwa simu ya bei nafuu, akiwa Nyamisati kwenyewe, kabla ya kumaliza malipo.

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote hutokana na jina la kikoa, yaani ile anwani ya tovuti. Majina yanayoishia na .tz, kama .co.tz ya biashara na .or.tz ya asasi zisizo za kibiashara, hupatikana kupitia wasajili walioidhinishwa na hulipiwa kwa muda maalumu. Fundi akilisajili jina kwa jina lake mwenyewe, kwa uzembe au kwa makusudi, ndiye anayekuwa mmiliki, na siku wakigombana, kikundi hubaki na vipeperushi vyenye anwani isiyo yake. Jina na lisajiliwe kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya kikundi, na nywila zote zikabidhiwe kwa viongozi wawili kwa maandishi. Aidha, tovuti itakayochukua majina na namba za simu za abiria huingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wajibu wa kuzilinda taarifa hizo humwangukia mwenye boti aliyezikusanya, hata kama fomu yenyewe ilitengenezwa na fundi.